Lakiri kwenye Boneti

Itangazwe kwa wote, wapandao magari na waendao kwa miguu, wenyeji na wapita njia, kuanzia Vurra hadi Kuluba, ya kwamba katika mwaka wa 1993 magari ya Arua yameacha kuharibika.

Magari yenyewe hayakupelekewa habari hiyo. Yaliendelea kuvuja, kukohoa na kufia vilimani kama yalivyozoea. Kilichobadilika ni karatasi. Mwezi wa kwanza Asumani, muuza magari makuukuu karibu na soko, alitoa dhamana ya mwezi mmoja kwa kila pikapu. Bwana Natale, ambaye uwanja wake ulitazamana na ule wa Asumani, akatoa ya miezi mitatu. Asumani akatoa sita. Natale akatoa mwaka. Asumani akashika kichwa, akalala na jambo hilo siku mbili, akarudi kwenye miezi mitatu na kusema hataki kufa maskini. Natale akatoa miaka miwili.

Magari ya wote wawili yalikuwa yameteremshwa Mombasa kutoka meli ile ile, yamezeeka sawa, yamechubuka sawa, na chini ya viti bado yalikuwa na vumbi la watu wengine. Mtu aliyefuata karatasi peke yake angedhani kwamba kati ya Januari na Mei huko Ujapani wamevumbua chuma kisichochoka, kisha wakamnong'oneza Bwana Natale tu.

Mariam Poni alifuata karatasi.

Hakuwa mjinga, na anayetaka kumwita hivyo aende Koboko akamwambie mwenyewe, akiwa na mwiko mkononi. Alikuwa mjane wa sajini. Mwaka 1979, vita vilipofika, aliondoka nyumbani na watoto watatu na sufuria moja, akalima mashamba ya watu Sudan kwa miaka saba, akarudi na watoto watatu na sufuria ile ile. Sasa alikuwa mkubwa wa kikundi cha wanawake kumi na wawili wa Abuku, huko Koboko, waliolima muhogo na ufuta. Kila mavuno wachuuzi wenye magari walikuja, wakataja bei kama hakimu anayesoma hukumu, na wanawake wakakubali kwa sababu muhogo hauna miguu. Basi wakaweka pamoja mavuno mawili mazima, wakampa Mariam kazi moja: aende Arua alete gari.

"Na ukituletea mzoga, Mama Yakani," alimwambia Rosa Kiden, mwalimu wa shule ya msingi na katibu wa kikundi, "utausukuma wewe, sisi tutaimba."

Yakani alikuwa mwanawe wa kwanza, mtu mzima wa miaka ishirini na minane, na ndiye aliyechaguliwa kuwa dereva. Akaenda naye. Akaenda pia Drateru, fundi wa Koboko, mwembamba, mwenye masikio makubwa aliyoyatumia kazini.

Kwa Asumani, Drateru alifungua boneti, akanusa oili, akaamuru injini iwashwe, akainama na kusikiliza kama daktari. Akainuka na kupangusa mikono.

"Hii si nzuri sana," alisema. "Lakini ubaya yake naiona."

Kwa Natale hakuona kitu. Kila pikapu uwanjani ilikuwa na waya mwembamba uliopita kwenye tundu la boneti na kuzunguka chuma cha mbele, na ncha za waya zilikuwa zimebanwa ndani ya kipande cha risasi kilichopigwa mhuri.

"Fungua," alisema Drateru.

"Haifunguliwi. Iko na lakiri," alisema Natale, mtu mnene mwenye sauti laini, aliyekunywa chai tangu asubuhi hadi jioni bila kikombe kupungua. "Injini imekaguliwa, imefungwa. Mutu asiguse mpaka miaka mbili. Akigusa, garanti imekufa."

"Mutu anauza kuku, halafu anakataza kupapasa?"

"Fundi, kuku papasa huko kwenu. Hii ni Toyota."

Lazima ieleweke vizuri lakiri ile ilimfanya nini Mariam Poni. Alikuwa amepitisha bidhaa mpakani Vurra kwa miaka mitano. Huko kastamu, kila lori linalovuka kwenda Zaire hufungwa kwa waya na risasi kama hiyo, na mwenye kuikata amejitia kitanzi. Aliwahi kuona lori la vitunguu likikaa siku kumi na moja pale, vitunguu vikaota majani, kwa sababu dereva alikata waya ili atoe blanketi lake. Mbele ya lakiri, Mariam alisimama wima kama marehemu mumewe mbele ya bendera. Watu wa nchi nyingine wangeona kipande cha waya. Watu wa mpakani huona serikali.

Drateru alimvuta pembeni, kando ya mtaro.

"Mama Yakani, tuchukue ya Asumani."

"Asumani anaogopa gari yake. Miezi tatu! Mutu anajua ng'ombe yake, ndiyo anajua ataisimamia mpaka wapi. Anayesema miaka mbili, iko na sababu."

"Sababu iko. Hatujui sababu gani."

"Wewe Drateru, unaweza kwenda polisi kumsimamia mwizi dhamana?"

"Kama najua polisi hawatakuja kuniuliza," alisema Drateru, "hata leo."

Hilo lilikuwa jibu zima la swali zima. Lilitolewa bure, kando ya mtaro, na halikusikilizwa. Ahadi ndefu ni dalili ya kitu kizuri ikiwa itamuuma aliyeahidi. Asumani aliumia, ndiyo maana akarudi nyuma. Natale alikuwa amepata njia ya kuahidi bila kuumia, na mtu wa namna hiyo anaweza kuahidi hata miaka mia.

Mariam alipewa karatasi tatu zilizopigwa taipu kwa Kiswahili kizito cha vitabu, ambacho Arua hakuna anayekisema hata akiwa na homa.

"Wakili ya Kampala ndiyo aliandika," alisema Natale. "Vifungu kumi na moja."

Mariam alitia sahihi. Karatasi zikaingia katika mkebe wa bati alimoweka cheti cha mumewe cha jeshi, na hakuna aliyezisoma. Dhamana ni kama dawa ya nyoka: hutafutwa mtu akishaumwa.

Wanawake wa Abuku waliipa pikapu jina. Waliiita Miaka Miwili. Kwa wiki sita Miaka Miwili ilibeba muhogo mkavu hadi soko la Arua, na wachuuzi wa zamani walikuja Abuku wakakuta maghala matupu na watoto wakiwacheka. Wanawake walianza kutembea kwa namna nyingine. Rosa Kiden alisema hata mbuzi wao walikuwa na kiburi.

Yakani peke yake hakufurahi.

"Mama, kila gari inakunywa maji."

"Hii imekaguliwa. Imefungwa na maji yake."

"Maji ya miaka mbili?"

"Natale ndiyo alisema. Wewe umekuwa Natale?"

Wiki ya sita alirudi tena, akikuna shingo. "Mama, gari inanuka jikoni."

"Si tumebeba muhogo?"

"Harufu iko mbele, mama. Muhogo iko nyuma."

Mariam alimtazama mpaka akaondoka.

Alhamisi ya wiki ya saba, kwenye mlima karibu na Maracha, ikiwa na magunia kumi na manane, na Mariam na Rosa Kiden wakiwa ndani, Miaka Miwili ilitoa sauti ya mtu aliyedondosha sanduku la vijiko. Kisha ikanyamaza. Moshi mweupe ukatoka pembeni mwa boneti, na papo hapo mvua ikaanza, ile mvua ya mkoa wa West Nile isiyobisha hodi. Yakani alishuka na koleo. Alikuwa ameshashika waya Mariam alipofika na kumpiga mkono kwa nguvu zote. Koleo likaanguka kwenye tope.

"Usiguse! Hiyo ndiyo haki yetu!"

Kwa hiyo walikaa saa nne kwenye mvua wakilinda haki yao, huku unga wa baadaye wa wanawake kumi na wawili ukilowa na kuanza kuwa mweusi. Lori la tumbaku likawavuta kwa mnyororo hadi Arua. Ndani ya lori, Rosa Kiden alifungua mkebe wa bati, ambao Mariam alisafiri nao daima, akatoa karatasi zilizokwisha kulowa pembeni, na kwa mara ya kwanza mtu aliyekwenda shule akazisoma. Alisoma kimya. Akarudi ukurasa wa kwanza, akasoma tena.

"Kuna nini?" aliuliza Mariam.

"Mama Yakani, una hasira kiasi gani sasa hivi?"

"Kidogo. Natale ataweka injini ingine, tutarudi."

"Basi itunze hiyo kidogo. Itazaa."

Kesho yake asubuhi walifika uwanjani wakilisukuma gari kwa mikono: Mariam, Rosa, Yakani, na Drateru aliyekuwa ameitwa kutoka Koboko. Natale alikuwa kibarazani na chai yake. Wanunuzi wawili walikuwa wakizunguka pikapu nyeupe, na watu wa soko, ambao katika Arua hunusa ugomvi kabla haujazaliwa, walishaanza kusogea.

"Lakiri yako hii," alisema Mariam, akionyesha. "Haijaguswa. Tazama mwenyewe. Sasa weka injini."

Natale hakuitazama lakiri. Alinyoosha mkono akapewa karatasi, akavaa miwani.

"Kifungu ya nne. Mwenye gari atafungua boneti kila asubuhi kabla jua halijapanda, apime oili na maji. Ulipima?"

"Nipime namna gani? Uliifunga!"

"Basi hukupima." Natale alivua miwani. "Pole sana, mama. Garanti imekufa."

"Soma ya tisa!" alisema Rosa Kiden. "Ya tisa inasema boneti isifunguliwe kabisa!"

"Ya tisa mumetii vizuri. Asante."

Mariam alinyoosha vidole viwili, akavitazama kimoja kimoja.

"Ngoja," alisema Mariam. "Nikifungua, imekufa. Nisipofungua, imekufa. Ilikuwa hai siku gani?"

"Siku ya kulipa," alisema Drateru.

Watu walicheka. Mariam hakucheka. Alinyoosha mkono bila kugeuka, na Yakani akamwekea koleo kiganjani.

"Umesema imekufa. Mbele ya watu."

"Nimesema."

"Maiti haina lakiri."

Alikata waya. Risasi ilianguka chini na kubiringika hadi kwenye kiatu cha Natale, na kwa mara ya kwanza Natale aliweka kikombe mezani. Alisema kwa haraka kwamba injini bado ni moto, mtu ataungua, waje Jumatatu. Lakini injini ilikuwa imelala kwenye mvua. Drateru alishafungua kifuniko cha rejeta, akaingiza bisibisi, akaizungusha, akaitoa. Kilichotoka kilikuwa cheupe chenye kijivu, kizito, kinang'aa, kimeiva.

Akanusa. Akampa Mariam.

Mariam alikifinya kati ya vidole viwili, kama anavyofinya kila siku ya maisha yake.

"Hii ni muhogo," alisema.

"Rejeta ilikuwa na ufa," alisema Drateru polepole, akiwaeleza watu. "Ukitia unga, maji ikipata moto, unga inaiva, inaziba ufa. Wiki mbili, wiki tatu, mutu hajui. Halafu inaziba yote. Maji haitembei. Injini inaungua." Akaigonga boneti kwa ngumi. "Lakiri hii haikufunga injini. Ilifunga ugali."

Hapo hasira ya Mariam Poni, iliyotunzwa tangu Maracha, ikazaa.

"Natale!" Sauti yake ilifika kwa Asumani ng'ambo, naye akatoka mlangoni akasimama. "Mimi nililima shamba ya watu miaka saba. Wenye bunduki walinidanganya. Wenye mizani walinidanganya. Lakini hakuna mutu alinifanya mimi mwenyewe nikawa askari ya uongo wake! Ulinipa lakiri, nikailinda. Mtoto wangu aliniambia gari inanuka jikoni, nikamfukuza. Alishika koleo kwenye mvua, nikampiga. Nilimpiga mwanangu, Natale, nikilinda ugali yako! Muhogo ya wanawake kumi na mbili imeoza kwa sababu mimi ni mutu wa kutii! Ungeniibia kwa panga ningekuheshimu!"

"Mama, punguza sauti, kuna wateja."

"Ndiyo nataka wateja! Huyo wakili yako ya Kampala jina lake nani?"

"Ni mutu mkubwa. Iko mbali."

"Atasogea. Rosa, soma. Soma yote, kwa sauti, watu wajue wakili mkubwa anaandika namna gani."

Rosa Kiden alipanda kwenye ngazi ya kibaraza, akamnyang'anya Natale karatasi, akasimama kama mbele ya darasa la saba.

"'Itangazwe kwa wote, wapandao magari na waendao kwa miguu, wenyeji na wapita njia,'" alisoma, "'kuanzia Vurra hadi Kuluba...'"

Msomaji mwenye kumbukumbu nzuri anaombwa asiseme kitu kwa sasa.

Alisoma kifungu cha kwanza hadi cha nane, na watu wakasikiliza kwa heshima, maana maneno yalikuwa mazuri na hawakuyaelewa yote. Akafika cha tisa.

"'Boneti haitafunguliwa, wala kuinuliwa, wala kutamaniwa kuinuliwa. Na yeyote atakayeifungua...'" Akasogeza karatasi karibu na macho. "Hapa mvua imekula. Haisomeki."

"'...hata kwa nia njema,'" ilisema sauti nyuma yake, sauti ya kiaskofu, iliyojaa fahari, "'hata kwa kuihurumia injini yenye kiu, ajue ameizika dhamana kwa mikono yake mwenyewe, na asije kwetu na matanga.'"

Rosa aligeuka. Natale aligeuka. Kwenye mlango wa ofisi, kando ya mashine ya taipu, alikuwa amesimama kijana mmoja wa shule aliyekuwa likizoni, ambaye jina lake halina maana yoyote katika habari hii.

Mariam Poni alipanda ngazi. Alisimama mbele ya kijana, karibu kabisa, vidole vyake bado vyeupe.

"Jina lako."

"Halina maana, mama, mimi ni mpita njia tu..."

"Jina."

Jina lina maana. Ni Lemi. Ni mimi.

Bwana Natale ni mjomba wangu. Ndiye anayenilipia shule ya bweni huko Kenya, nilikojifunza Kiswahili kile, na ndiye aliyeniambia, mwezi wa nne nikiwa nyumbani sina la kufanya, nimwandikie karatasi ya kutisha watu. Niliyaeleza hayo pale kibarazani kwa kirefu na kwa ufasaha, nikitumaini ufasaha utanisaidia. Nikasema vifungu vya nne na tisa nilivitia kwa mchezo, ili nione kama kuna mtu atagundua kwamba vinakulana.

"Na huyu?" Mariam alimwonyesha mjomba bila kumtazama. "Aligundua?"

Mjomba alinitazama. Katika macho yale niliona ada ya muhula wa tatu, na ya mwaka ujao, na sanduku langu la bati likiwa limerudi nyumbani kukaa. Nikatazama chini. Lakiri ilikuwa pale, kando ya kiatu chake, imepinda.

"Aligundua," nilisema. "Nilimsomea vyote viwili pamoja. Alicheka mpaka chai ikamwagika. Akasema, hizo usifute, hizo ndiyo nzuri kuliko zote."

Wale wanunuzi wawili waliiacha pikapu nyeupe, wakavuka barabara bila kuaga. Asumani akawafungulia mlango. Watu wa soko walisogea hatua moja mbele, wote pamoja, na mjomba wangu akahesabu vichwa, kisha akasema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Fundi. Toa injini ya ile nyeupe. Wape."

Drateru na Yakani walikwenda. Boneti ya ile nyeupe walikata waya wake kwanza, wakaifungua, wakachungulia ndani kwa muda mrefu. Nilidhani yamekwisha. Nilishaanza kurudi nyuma kuelekea ofisini, taratibu, kama mtu anayekumbuka kazi.

"Lemi," alisema Mariam Poni.

"Naam, mama."

"Na unga?"

"Unga gani, mama?"

Hakurudia swali. Alinyanyua mkono wake mbele ya uso wangu, ule uji ukiwa umeshakauka kwenye vidole, na akangoja.

"Nilitumwa sokoni tu," nilisema. "Kilo mbili. Nilidhani ni ya chakula cha mchana."

Aliendelea kungoja. Hakuwa na haraka. Alikuwa na miaka miwili.

"Sikudhani," nilisema. "Mjomba alimwaga kwenye rejeta. Mimi ndiye niliyeshika faneli."